Maneno ya Wakubwa, Rangi Yako: Jibu kwa Mchoraji wa Bombo

*Swali: Assalamu alaykum Mwalimu. Mimi ni mchoraji wa mabango na pikipiki hapa Bombo, mji wetu wa kambi ya jeshi, Uganda. Juzi kijana wa steji yetu ya bodaboda alitaka nimwandikie HAKUNA MCHEZO kwenye madigadi ya nyuma, herufi za njano, na juu yake nichore sufuria limepinduliwa. Nilikuwa nimeshaanza, baba akatoka akaniambia nifute. Baba ni mwanajeshi mstaafu. Alisema hayo ni maneno ya serikali, na kuyageuza ni kumtukana kaka yangu ambaye yuko Somalia kwa mara ya tatu. Nimesikia kwamba vijana wa Ulaya na Marekani walipinga vita kwa kugeuza maneno ya wakubwa wao. Ni kweli? Neno likibadili mdomo linabadili maana? Na mtu akisema vita vimetosha, amemtukana askari?*

Wa alaykum salaam, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama pale unapomtaja kaka yako. Nitafika kwake. Ila siwezi kumfikia bila kupitia kwenye madigadi, kwa sababu hayo maneno mawili ya njano ndiyo yaliyoleta ugomvi nyumbani kwenu.

Rais Museveni alipoapishwa Mei 2016, muhula wake wa hadi 2021 aliupa jina la "Kisanja Hakuna Mchezo". Kisanja ni neno ambalo halijabanduka kwenye siasa yetu tangu miaka ya 2003 hadi 2005, pale waliotaka ukomo wa mihula ya urais uondolewe walipokuwa wakijifunga majani makavu ya mgomba, ndiyo kisanja chenyewe; leo neno hilo linamaanisha muhula. "Hakuna mchezo" nayo ni Kiswahili ambacho hata anayeapa kwamba hajui Kiswahili anakielewa. Lilikuwa onyo kwa watumishi wa umma: uzembe basi, wizi basi, sasa ni kazi. Onyo la namna hiyo likitolewa mbele ya watu wote linakuwa ahadi kwa watu wote, na ahadi ni deni.

Sasa mtazame kijana wa steji. Hakufuta herufi wala hakuongeza. Kilichoongezeka ni sufuria tu. Sufuria lililopinduliwa ni lile lililooshwa likaachwa juu ya uchanja. Halina posho, yaani ugali, halina maharage, na jua linaliwakia kitakoni. Mtu aliyekwama nyuma ya pikipiki hiyo kwenye msongamano wa Kawempe atasoma maneno, ataona sufuria, na swali litamjia lenyewe: kwa nani hakuna mchezo? Kijana huyo hajatukana. Anadai deni kwa kuonyesha risiti iliyoandikwa na mdaiwa mwenyewe.

Hilo ndilo nimelipata baada ya miaka mingi ya kufundisha historia na kukusanya misemo ya mitaani. Makundi ya pembeni, yale yanayokataa kuishi kwa namna iliyoagizwa kutoka juu, mara chache hutunga maneno mapya. Wangeyafikishaje kwa watu? Redio si yao, mabango ya barabarani si yao. Maneno ya wakubwa yamekwisha kugharimiwa, yamefika hadi kijiji cha mwisho, kila mtoto anayajua. Wao huyahamisha mahali, au huyabadilisha silabi moja, au huyangoja mpaka kalenda iyageukie, kisha huyarudisha kwa mwenyewe.

Uganda tumeifanya kazi hiyo kwa ustadi mkubwa, na tumeifanya kwa Kiswahili zaidi ya tunavyopenda kukiri. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke nchini, na hatua hiyo akaiita vita vya uchumi. Maduka na viwanda vikagawiwa maofisa wa jeshi na watu wao. Haikupita muda mrefu bidhaa zikaanza kuadimika, sukari, chumvi, sabuni, na mtaani likazuka jina la wale waliogawiwa: mafuta mingi. Kwa sarufi ya darasani ni mafuta mengi, na mwanafunzi wangu akiandika hivyo namsahihisha. Jina hilo siligusi. Hilo "mingi" ndilo linalokuonyesha waliolisema ni akina nani: mama wa sokoni, mpagazi, utingo wa basi, watu waliookota Kiswahili chao barabarani. Redio ilitangaza ushindi wa vita vya uchumi, na wao wakatazama shingo ya mwenye duka jipya wakasema mafuta mingi. Sijapata kusikia hotuba iliyovihukumu vita vile vizuri zaidi ya maneno hayo mawili. Wasemaji wa Kiganda wakalichukua wakaliita abamafutamingi, na wazee wanalitumia mpaka leo.

Halafu kuna panda gari. Wakati wa serikali ya pili ya Obote, kati ya 1980 na 1985, askari walikuwa wakizingira mtaa alfajiri, wanakusanya watu na kuwapakia kwenye malori wakachambuliwe nani mwasi na nani si mwasi. Wengine hawakurudi. Amri yenyewe ilikuwa hiyo, panda gari, na wananchi wakaifanya kuwa jina la operesheni nzima. Hapakuwa na gazeti lililoweza kuandika "ukamataji holela". Watu wakasema panda gari, na kila aliyesikia alijua kinachozungumzwa, na anayesema hakuwa amesema lolote zaidi ya kurudia maneno ya askari.

Nilikuwa mtoto wakati huo. Tulikuwa na mchezo wetu: tunachora lori ardhini kwa kijiti, lenye magurudumu sita, mmoja wetu anasimama juu ya kichuguu anafoka "Panda gari!", wengine tunakimbia kuingia ndani ya mistari. Wa mwisho amekufa. Siku moja mama yangu alitukuta. Hakutugombeza. Alivua kandambili moja, akaifuta ile michoro kwa mguu wake mtupu, gurudumu baada ya gurudumu, akaingia ndani. Mpaka leo sijui kwa nini alivua kandambili kwanza. Lakini nilielewa kwamba neno tulilolifanya mchezo halikuwa mchezo kwake, na kwamba sote wawili, yeye na sisi, tulikuwa tumelitoa mikononi mwa mwenye amri.

Mara nyingine silabi moja inatosha. Elimu ya msingi bila ada ilipoanza 1997 kaulimbiu yake kwa Kiganda ilikuwa Bonna Basome, wote wasome. Madarasa yakafurika, mwalimu mmoja akabaki na watoto wasiohesabika, na wazazi wakaanza kusema Bonna Bakone, wote wabaki mbumbumbu. Na mara nyingine hata silabi haihitajiki. Januari 1986, kwenye ngazi za Bunge, Museveni alipoapishwa alituambia kwamba hayo hayakuwa mabadiliko ya walinzi tu, yalikuwa mabadiliko ya kimsingi. Miaka kumi baadaye, kwenye uchaguzi wa 1996, wafuasi wa harakati yake ileile walikuwa wakiimba "No Change", hakuna mabadiliko. Aliyeweka kaulimbiu hizo mbili bega kwa bega hakulazimika kusema la tatu. Majirani zetu nao wanayo yao. Kenya mwaka 2002, wimbo wa ibada wa yote yawezekana kwa imani uligeuka kuwa yote yawezekana bila Moi. Kule Zaire herufi za chama cha Mobutu, MPR, raia walizisoma kwa Kifaransa chao kuwa "kufa bure".

Mzee wako anajua jambo moja katika haya kuliko mimi. Kiswahili katika nchi hii kilikaa kambini kabla hakijakaa shuleni. Kuanzia jeshi la wakoloni la King's African Rifles, amri zilitolewa kwa Kiswahili, na mpaka leo jeshi letu linaadhimisha Tarehe Sita, siku ya shambulio la Kabamba la 6 Februari 1981, kwa jina hilo la Kiswahili, na operesheni iliyoanza mashariki mwa Kongo Novemba 2021 inaitwa Shujaa. Kwa raia wengi wa kusini lugha hii ilifika ikiwa imevaa buti. Wewe wa Bombo umeinyonya kwa mama yako, kwa hiyo huenda huioni hofu hiyo kwa wengine. Raia anapochukua amri ya Kiswahili na kuipachika juu ya sufuria tupu, anakuwa ameshika sauti ya kamanda. Mwanajeshi mstaafu akiona hivyo lazima ashtuke. Usimlaumu kwa kushtuka.

Umeuliza kuhusu Ulaya. Nakupa mfano mmoja ambao mchoraji atauelewa haraka. Mwaka 1959 Umoja wa Kisovieti uliupa Umoja wa Mataifa zawadi ya sanamu, ikasimamishwa New York: mwanamume mwenye misuli anafua upanga uwe jembe, kama ilivyoandikwa katika kitabu cha nabii Mika. Miaka ya mwanzo ya 1980, vijana wa makanisa ya Ujerumani Mashariki, nchi iliyokuwa chini ya kivuli cha Wasovieti haohao, wakaichapa picha ya sanamu ile kwenye vipande vya kitambaa, duara, pamoja na maneno ya kugeuza panga kuwa majembe, wakavishona kwenye mikono ya makoti yao. Serikali yao ilikuwa ikihubiri amani kila siku, na wakati huohuo, tangu 1978, ilikuwa imeingiza mafunzo ya kijeshi katika ratiba za shule. Sasa ingesema nini? Sanamu ni ya rafiki mkubwa. Neno ni lake. Ikashindwa kulipinga neno, ikaamuru kitambaa kikatwe. Polisi wakawasimamisha vijana barabarani, walimu wakawasimamisha langoni. Wapo waliokikata kitambaa wakaacha tundu la duara kwenye mkono wa koti, wakaendelea kutembea nalo mitaani.

Litafakari tundu hilo. Kila aliyeliona alijua kilichokuwepo pale, na tundu haliwezi kukatwa mara ya pili. Nililikumbuka Septemba 2019, serikali yetu ilipotangaza katika gazeti lake rasmi kwamba kofia nyekundu ni vazi la jeshi, wakati vijana wa People Power, harakati ya mwanasiasa Bobi Wine, walikuwa wameifanya alama yao. Mwenye nguvu akishindwa kushikilia maana hushika kitambaa. Nimeliona hilo kila nilipochimba.

Nchi hiyohiyo ya Ujerumani Mashariki ilikuwa na Polisi ya Wananchi na Jeshi la Wananchi, majina rasmi. Tarehe 9 Oktoba 1989, watu wapatao 70,000 waliandamana Leipzig wakiwa hawajui kama watapigwa risasi, na sauti yao ilikuwa sentensi moja: sisi ndio wananchi. Tazama ilivyo fupi. Kama polisi ni wa wananchi na sisi ndio wananchi, basi mnatumwa na nani? Risasi hazikupigwa usiku ule. Lakini nisikufiche upande wa pili. Baada ya wiki chache sentensi ilibadilika neno moja ikawa sisi ni wananchi wamoja, yaani tuungane na Ujerumani Magharibi, jambo ambalo wengi wa waanzilishi hawakulikusudia. Na tangu 2014 sentensi ile ya kwanza imepaziwa sauti Dresden na watu wanaopinga wahamiaji. Neno ulilomnyang'anya mkubwa linaweza kunyang'anywa kwako vilevile. Hilo liweke akilini unapochovya brashi.

Sasa vita, na kaka yako.

Alama ya vidole viwili, ambayo hapa kwetu tunaijua kama alama ya chama cha upinzani cha FDC, ilienea Ulaya mwaka 1941 ikiwa alama ya ushindi dhidi ya Hitler. Mbelgiji mmoja aliipendekeza kupitia BBC na Churchill akaifanya yake. Robo karne baadaye vijana wa Marekani waliokuwa wanapinga vita vya Vietnam wakainyanyua kumaanisha amani. Mkono uleule, vidole vilevile. Lakini vijana wa nywele ndefu sio waliobeba uzito mkubwa kuliko wote katika upinzani ule. Waliobeba uzito huo walikuwa askari wenyewe.

Wanajeshi waliorudi kutoka Vietnam walikuwa na chama chao cha kupinga vita hivyo tangu 1967. Jeshi la Marekani lilikuwa limefanya operesheni mbili zilizoitwa Dewey Canyon, ya kwanza na ya pili, zikihusisha nchi ya Laos, na lugha ya maofisa kuhusu kuingia nchi ya watu ilikuwa "uvamizi wenye mipaka". Aprili 1971 wastaafu hao wakaenda Washington, na kambi yao ya maandamano wakaiita Dewey Canyon ya Tatu: uvamizi wenye mipaka katika nchi ya Kongresi, Bunge lao. Walilichukua jina la operesheni, namba yake na msamiati wake wa taarifa za habari, wakauelekeza kwa waliowatuma. Tarehe 23 mwezi huo, mamia yao, wengine kwa magongo na viti vya magurudumu, wakapita mmoja mmoja mbele ya jengo la Kongresi na kutupa nishani zao juu ya uzio. Wengine walitaja majina ya wenzao waliokufa kabla ya kutupa. Nani angewaambia hao kwamba wanawatukana askari?

Siwezi kukuambia kwamba nishani zile ndizo zilizomaliza vita. Vita viliisha kwa sababu nyingi, na ya kwanza ni Wavietnam wenyewe. Ila baada ya siku ile, kusema kwamba anayepinga vita anawachukia wanajeshi kulikuwa kugumu zaidi. Mwaka 2003, Marekani ilipoingia Iraki, kaulimbiu iliyosikika kila mahali ilikuwa waungeni mkono wanajeshi, na familia za wanajeshi wakaongeza maneno mawili tu: warudisheni nyumbani. Hapo ndipo penye jibu la swali lako la mwisho, na limetoka kwa akina mama na baba wa askari, halikutoka kwangu.

Lakini kuna vita ambavyo ni vigumu kuvipinga kuliko hivyo, kwa sababu havina umbo la vita. Tarehe 14 Septemba 2001 Bunge la Marekani lilipitisha idhini ya kutumia nguvu, aya yenye maneno 60 hivi. Haikutaja nchi wala siku ya mwisho. Katika Baraza la Wawakilishi kura zilikuwa 420 kwa 1; huyo mmoja alikuwa Barbara Lee wa California. Kwa aya hiyo walipigana Afghanistan karibu miaka 20 na wakapeleka askari na ndege katika nchi ambazo wapiga kura wa siku ile hawakuwa wakizifikiria. Kupinga vita vya Vietnam ulihitaji kusema "tokeni Vietnam". Vita dhidi ya ugaidi utasema watoke wapi? Adui ni neno, na neno halitii saini mkataba wa kusalimu amri. Vita visivyoisha huanzia katika lugha: huanza pale mtu anapotaja adui asiye na mpaka na kuacha tarehe nje ya sentensi. Kwa hiyo anayevipinga hana budi kuirudisha tarehe ndani ya sentensi. Mpaka lini? Swali hilo dogo ndilo kaulimbiu inayoogopwa.

Hapa kwetu tumeliuliza, na tulichelewa. Vita vya kaskazini, kati ya jeshi na waasi wa LRA wa Joseph Kony, viliendelea karibu miaka 20, tangu 1987. Watu wa Acholi walipokusanywa kambini kwa nguvu tangu 1996, kambi hizo zilipewa jina la vijiji vinavyolindwa. Utafiti wa afya wa Julai 2005, uliofanywa na Wizara ya Afya pamoja na Shirika la Afya Duniani, ulikuta kwamba katika Gulu, Kitgum na Pader watu wapatao 1,000 kila wiki walikuwa wanakufa zaidi ya inavyotarajiwa katika hali ya kawaida, wengi kwa malaria na maradhi mengine ya kambini. Sina haja ya kugeuza neno "vinavyolindwa". Hesabu hiyo imekwisha kuligeuza.

Na pale Gulu, Juni 2003, watoto walipokuwa wakitembea kila jioni kutoka vijijini kuja kulala mjini wasitekwe, Askofu Mkuu John Baptist Odama na viongozi wenzake wa dini, Wakristo na Waislamu, walichukua magunia wakaenda kulala nao nje usiku nne mfululizo. Hawakubeba bango. Walikuwa wameambiwa mara nyingi kwamba kaskazini usalama umerejea. Wakaenda kulala ndani ya usalama huo. Viongozi hao ndio pia waliosukuma sheria ya msamaha ya mwaka 2000, wakati lugha ya wakubwa ilikuwa ni kumaliza vita kwa bunduki. Katika historia ya nchi hii sijaona upinzani wa vita ninaouheshimu kuliko huo.

Nakupa na mfano mchungu, ili usidhani kila kijana mwenye fulana na kaulimbiu anapinga vita. Machi 2012 shirika la vijana wa Kimarekani lilitoa video iliyoitwa Kony 2012. Mabango yake yaliigiza mabango ya uchaguzi wa urais wa Marekani, jina la muuaji likiwa pale panapokaa jina la mgombea. Kwao ulikuwa ugeuzaji wa kaulimbiu kama huu tunaouzungumza. Ilitazamwa mara milioni 100 ndani ya wiki moja. Kilichoombwa ndani yake ni nini? Wanajeshi washauri wa Marekani wabaki na msako uendelee, miaka sita baada ya bunduki kunyamaza kaskazini mwa Uganda. Ilipoonyeshwa uwanjani Lira, watu waliopoteza ndugu waliona jina lile likiwa limechapwa kwenye fulana na vikuku. Walikasirika, mawe yakarushwa, onyesho likavunjika. Hakuna aliyekuwa amewauliza. Neno linalogeuzwa na asiyeumwa nalo humkata anayeumwa.

Turudi Somalia. Januari 2007 Umoja wa Afrika uliidhinisha kikosi cha kulinda amani huko kwa muda wa miezi sita. Wanajeshi wetu wakatua Mogadishu Machi mwaka huo. Miezi sita. Kikosi kiliitwa AMISOM. Aprili 2022 kikawa ATMIS, herufi moja ikisimamia neno mpito. Januari 2025 kikawa AUSSOM. Jina limebadilika mara mbili na kaka yako amekwenda mara tatu. Sisemi kwamba hakuna hatari. Mabomu ya 11 Julai 2010 hapa Kampala, Kyadondo na Kabalagala, yaliua watu zaidi ya 70 waliokuwa wanatazama fainali ya Kombe la Dunia, na al-Shabaab ndio waliojitangaza. Wasomali wameteseka na kundi hilo kuliko sisi. Lakini tarehe 26 Mei 2023 kambi yetu ya Buulo Mareer ilishambuliwa, na Rais mwenyewe akatangaza kwamba askari 54 wamekufa. Mtu mwenye ndugu pale ana haki ya kuuliza mpaka lini, na ana haki hiyo kuliko mimi ninayefundisha vita kwa chaki. Ukiuliza hivyo hujamtukana kaka yako. Umemhesabu. Tusi ni kumsahau kule, mwaka baada ya mwaka, huku tukisema shujaa, shujaa.

Kuhusu kazi yako: hakikisha kwanza mwenye pikipiki anaelewa anachobeba, maana atakayesimamishwa barabarani ni yeye. Akielewa na akitaka, mwandikie. Lakini kabla ya hapo kaa na mzee jioni moja, umwekee chai, umwombe akueleze neno hilo lilitumikaje kwenye gwaride enzi zake, nani alilisema na nani alilipokea. Muulize pia kaka yako alipoondoka mara ya kwanza aliambiwa atarudi lini. Usibishane. Sikiliza tu.

Na kuna jambo nimeligundua nikijaribu kukichora hicho ulichoeleza pembeni ya barua yako. Sufuria lililopinduliwa, likichorwa kwa brashi nene, halina mfuniko wala moshi, linafanana kabisa na kofia ya chuma ya askari. Nimelichora mara mbili na mara zote mbili nimeona kofia. Huenda baba yako hakuona sufuria pale kwenye madigadi. Aliona kofia ya mwanawe imelazwa chini, na maneno hakuna mchezo chini yake. Mwonyeshe upya. Chora ule ukingo uliokunjwa kwa nje, weka masizi meusi kitakoni, na mwiko umeegemea ubavuni.